Walioniomba Msamaha wa Uchawi

Hakuna mtu aliyewahi kuniita mchawi. Nasema hili mapema kwa sababu ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mtu akikuita mchawi unaweza kumjibu, unaweza kumshika shati, unaweza hata kumpeleka kwa chifu akathibitishe maneno yake. Mimi niliombwa msamaha. Walikuja mmoja mmoja, kwa upole, wengine na mandazi mkononi, wakaniomba niwasamehe kwa kunidhania.

Hii ilikuwa Birmingham, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa nimemaliza uuguzi na kuanza kusomea ukunga. Nilikuwa nimepanga chumba Selly Oak, kwenye nyumba iliyojaa wanafunzi wasiofua soksi, na kila Jumapili niliyokuwa off nilipanda basi kwenda Sparkhill, kwa ndugu mmoja na mkewe, Wakenya kama mimi, ambako tulikusanyika kuomba. Kwetu mume alikuwa mwalimu. Huku alikuwa kondakta wa basi, na sauti yake ya kuhubiri na ile ya kutangaza vituo ilikuwa moja. Mkewe alikuwa akifagia shule moja ya hapo karibu mpaka mimba ilipomzidi. Nitamwita dada, kwa sababu ndivyo nilivyomwita. Katika ile miaka sikuwa na mtu mwingine wa karibu kama yeye.

Tulikuwa watu wa uamsho. Kwa asiyejua desturi yetu, sisi hatukuweka kitu moyoni. Ukimwazia ndugu yako vibaya, hata kama yeye hana habari, unamwendea, unamwambia ulichowaza, na unamwomba msamaha. Yeye anajibu, "Nimekusamehe, Bwana asifiwe," mnashikana mikono, mambo yanaisha. Hiyo ndiyo tuliita kutembea nuruni. Kuna ndugu aliyenijia kuungama kwamba alikuwa akimezea mate koti langu la sufu. Mimi nami nilimwendea dada mmoja aliyependa sana kuimba, nikamwambia kwamba akianza pambio huwa natamani masikio yangu yazibe. Alilia kidogo, akanisamehe, na Jumapili iliyofuata akaimba vilevile.

Sisemi haya kwa dharau. Ukiishi katika mji ambamo mwenye nyumba wako anaongea nawe kupitia karatasi alizobandika mlangoni, kukaa chumba kimoja na watu wanaokwambia kila kitu ni raha kubwa. Sebule ile ilikuwa na hita ya mafuta ya taa, makochi mawili yaliyochoka, na chai ya maziwa mengi. Tulisonga semolina, unga wa ngano wenye chengachenga, tukauita ugali. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na desturi ile ilinifaa, maana nilikasirika Jumatatu na kufikia Jumapili nilikuwa mweupe moyoni.

Desturi hiyohiyo ndiyo iliyonisimamisha siku moja kutoa ushuhuda juu ya nyanya yangu. Nyanya alikuwa mkunga wa kijiji, na alizalisha nusu ya watu ninaowafahamu, pamoja na mimi. Alikuwa pia na vibuyu vyake vya dawa na maneno yake ya kusema mtoto akikataa kutoka. Mama yangu alipookoka alivibeba vibuyu vyote akavichoma nyuma ya jiko, nyanya akitazama. Nilieleza hayo mbele ya watu kwa furaha, kama mtu anayesimulia mahali alipotolewa. Wakaimba, tukanywa chai, nikadhani yameishia hapo.

Nilipoanza ukunga nilipewa kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Upande mmoja unaweka sikio, upande wa pili unagusa tumbo la mama, mkono unauachia, unatulia. Nilihitaji mazoezi, na dada alikuwa na tumbo. Ikawa kawaida yetu: Jumapili kabla ya ibada tunapanda chumbani kwake, analala chali, natafuta mgongo wa mtoto kwa vidole, naweka kipembe, nasikiliza. Kisha nampa anayetaka kusikia. Akina dada walipanga foleni mpaka kwenye ngazi. Hata mumewe alipiga magoti siku moja na sare yake ya basi, akasikia, akainuka, akaenda kusimama dirishani na mgongo wake kwetu.

Dada alikuwa ameshapoteza mimba mbili kabla ya hiyo, na kliniki ya hospitali hakuipenda. Kule waliongea naye kwa sauti ya juu kana kwamba ni kiziwi, wakamshikashika bila kumwambia wanatafuta nini. "Wewe unanishika vizuri," aliniambia. "Unanionyesha, hiki kichwa, hiki kiguu. Wao wananibonyeza tu kama mkate." Nilimwambia aende hivyo hivyo, na alikwenda, lakini najua alikuwa akihesabu kipembe changu kuwa ndiyo kliniki yake.

Jumapili ninayoizungumzia tulikuwa na wageni kutoka London, watu wa uamsho wa huko, na dada alikuwa amepika siku kadhaa. Nyumba ilinuka dania na vitunguu. Tulipanda chumbani kama kawaida, wanawake wakijaa nyuma yetu. Nikaweka kipembe mahali pake. Nikakihamisha. Nikakihamisha tena. Nje watoto wa jirani walikuwa wakipiga mpira ukutani, nikamwomba mtu afunge dirisha, na dirisha lilikuwa limefungwa. Sikusema kitu. Ningesema nini mbele ya watu wote wale, mimi mwanafunzi, na pengine nimekosea? Nikatia kipembe mfukoni nikamwambia, "Dada, vaa koti. Twende hospitali sasa hivi."

"Kuna nini?"

"Twende tu."

Sikuwa nimekosea. Alijifungua baada ya siku mbili, mtoto wa kiume, na enzi zile mambo yalifanywa hivi: mtoto aliyezaliwa amekufa alifunikwa na kuondolewa haraka, ili mama asimwone akaumia zaidi. Ndivyo sisi wenyewe tulivyofundishwa kila mahali, na waliotufundisha hawakuwa watu wabaya. Maziko yangeshughulikiwa na hospitali. Dada alirudi Sparkhill na maziwa kifuani na vidonge vya kuyakausha, akaambiwa bado ni kijana na atapata mwingine.

Kwetu mtu akifiwa watu huja. Wanakaa, wanapika, wanalia, wanauliza ilikuwaje, na aliyefiwa anaeleza tena na tena mpaka ulimi unachoka na moyo unaanza kukubali. Hapa hapakuwa na maiti, hapakuwa na kaburi tunalolijua, na madaktari walisema tu kwamba hutokea. Nani alale na neno kama hilo? Watu waliompenda dada walihitaji kitu cha kushika, na kitu pekee walichokiona kwa macho yao ni mimi, nimenyamaza, natia kipembe mfukoni. Nilijuaje kabla ya daktari? Nimewaelewa tangu zamani. Wakati ule sikuwaelewa hata chembe.

Wa kwanza kuja alikuwa yule dada mwimbaji. Alinikuta Selly Oak siku yangu ya mapumziko, amefunga mandazi kwenye taulo. Tukanywa chai, tukaongea habari za baridi, mpaka nikaona macho yake hayatulii.

"Dada," akasema, "si unajua mimi siwezi kukaa na kitu. Nimekuwa na thoughts mbaya juu yako."

"Gani tena? Za pambio?"

"La. Za mtoto. Kwamba siku ile ulimwangalia vibaya. Kwamba labda kuna kitu cha nyanya yako kimebaki ndani yako. Ni Shetani tu. Please, nisamehe."

Nilicheka, kweli nilicheka. Nikamwambia nimekusamehe, Bwana asifiwe, nikaendelea kula mandazi yake. Akaondoka amechangamka, akiimba kwenye ngazi.

Siku chache baadaye ndugu mmoja kijana aliyekuwa akisomea uhandisi chuo kikuu alinikuta ghorofa ya juu ya basi, akakaa kiti cha nyuma yangu, akaniinamia. "Sister, niko na kitu nataka nilete kwa light," akasema, na kilikuwa kilekile. Nikamsamehe kabla ya kituo changu. Mwingine alinipigia kwenye simu ya koridoni ya nyumba yetu, na sarafu zikamwishia katikati ya uchawi wangu, nikabaki nimeshika simu inayolia peke yake. Hapo sikucheka. Nilikuwa nimeanza kuona jinsi mambo yalivyokwenda. Kila niliyemsamehe alikwenda kumshuhudia mwenzake jinsi alivyowekwa huru kutoka katika dhana yake juu yangu, na yule mwenzake, ambaye hakuwa amewaza chochote, akaanza kuwaza.

Aliyenifumbua macho kabisa ni mama wa duka wa Stratford Road, Mhindi aliyefukuzwa Uganda akaacha kila kitu Kampala isipokuwa Kiswahili chake. Kilikuwa Kiswahili cha dukani, lakini hakuna kilichompita. Nilikwenda kununua dengu. Akapima, akafunga, halafu akaweka mkono juu ya mfuko asinipe.

"Sista, wale rafiki yako nakuja hapa. Nafikiri mimi hapana sikia Swahili."

"Wanasema nini, mama?"

"Nasema wewe naua mtoto ya ule mama na miti ya hospitali. Mimi nanyamaza, naangalia mzani." Akanisukumia mfuko. "Kampala pia watu ilianza kusema kidogo kidogo. Sista, hapana ngoja mpaka iko wengi."

Nilimshukuru nikatoka nimekasirika naye, kama unavyomkasirikia mtu aliyekwambia kwamba sketi yako imechanika nyuma. Ningefanya nini? Nimwendee nani nimwambie acha kunishtaki? Wote wangenishangaa. Hakuna aliyenishtaki. Wote walikuwa wametubu.

Jumatano ya wiki ile nilikwenda kwenye mhadhara wa historia ya kanisa, katika chuo kimoja cha wamisionari pale Selly Oak. Nilikuwa nikienda kwa ajili ya joto na biskuti zaidi kuliko historia. Mhadhiri alikuwa mzee Mwingereza aliyewahi kuhubiri kwetu, na jioni ile alizungumza juu ya Wapuritani, wale Waingereza waliovuka bahari enzi za ukoloni wakaenda Marekani ili wamwabudu Mungu kwa usafi bila kusumbuliwa na mtu. Walisali sana, akasema, na walichunguzana roho kwa upendo. Walizika pia watoto wengi. Kisha wasichana fulani wakaanza kuanguka na kupiga mayowe, mifugo ikafa, jirani akamtazama jirani, na mahakama ikaitishwa. Waliokiri uchawi waliachwa hai. Waliosema hawakufanya walinyongwa.

Mwanafunzi mmoja aliyekaa mbele yangu akauliza kwa nini wote hawakukiri tu, wakaokoa shingo zao.

"Kwa sababu kukiri kungekuwa uongo," akajibu yule mzee, "na walimwogopa Mungu." Alisema akikunja karatasi zake, kama jambo lililo wazi. Biskuti yangu niliirudisha kwenye sahani. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nikiiona sebule ya Sparkhill, na hita, na makochi mawili.

Nieleze kilichokuwa kikinitafuna. Si kwamba watu wa uamsho wangenitenga, ingawa hilo lingeniuma. Ni kwamba dada mwenyewe hakuwa amekuja. Watu walikuwa wamenijia mpaka kwenye basi, lakini yeye, ambaye mtoto alikuwa wake, hakuwa ameniomba msamaha wa lolote. Nilikwenda kumwona, mumewe akaniambia mlangoni kwamba amelala. Nilikwenda tena, bado amelala. Ama hakuniwazia vibaya hata kidogo, ama aliniwazia vibaya kiasi kwamba hakutaka kuachana na wazo hilo. Wengine wote ningeweza kuwapoteza nikaendelea kuishi. Yeye nilitaka kujua kitu kimoja kutoka kwake, kama anaamini nilimuua mwanawe.

Jumapili ikafika nikaenda. Nilifikiria kutokwenda, kisha nikajiambia kwamba nisipokwenda nitakuwa nimewamalizia kesi yao. Sebule ilikuwa imejaa. Dada hakuwepo, alikuwa juu. Tuliimba, tukaomba, na wakati wa ushuhuda yule mwimbaji akasimama akamshukuru Mungu aliyemtoa katika dhana mbaya juu ya dada yetu, akanionyesha kwa mkono. Yule mhandisi akasimama naye. Akasimama wa simu. Akasimama mtu ambaye hakuwa hata ameniomba msamaha, akaniomba hapo hapo. Kila mmoja alipomaliza waliimba, wakinitazama kwa upendo. Nasema upendo na ninamaanisha. Kulikuwa na mama mmoja aliyenishika goti muda wote asiniachie.

Kisha kondakta akasimama. Alikuwa amekonda tangu msiba, na kola ya shati ilimzunguka shingo bila kuigusa. Hakupaza sauti siku ile.

"Dada yetu," akasema, "hapa hakuna anayekushtaki. Sisi si mahakama. Umeona ndugu zako wamevunjika mbele yako. Sasa tunakuuliza kwa upendo tu. Ulituambia mwenyewe habari za nyanya yako. Kama kuna chochote kilichobaki, hata kama wewe hukijui, sema tu kwamba unakikataa. Tukiombee, kiishe, tunywe chai."

Hata kama hukijui. Mlango aliofungua ulikuwa mpana sana. Sentensi moja, wala isingekuwa kukiri hasa, ingekuwa kukataa tu kitu ambacho sikuwa nacho, na wangenikumbatia wote, na mama yule angenibusu, na chai ingekuja. Niliitaka ile chai. Nilikuwa nimetoka zamu bila kula, miguu ikiniuma, na nilikuwa mbali na nyumbani kuliko siku yoyote tangu nishuke kwenye ndege. Ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kuitafuta hiyo sentensi.

"Sina," nikasema.

"Dada, usifanye moyo kuwa mgumu."

"Sina kitu cha kukataa."

Mtu akapiga kite. Mkono ukaondoka gotini pangu. Hasira zangu za karibu zikaja, na sikuzizuia. "Nimewasamehe nini?" nikawauliza. "Nilidhani mmeacha kuwaza, ndiyo maana mnatubu. Kumbe mnaniomba msamaha wa jambo ambalo bado mnaliamini. Mngeniita mchawi tu kwenye kituo cha basi, ningejua pa kuanzia."

Ngazi zikalia. Dada alikuwa akishuka. Alikuwa amevaa sweta la mumewe juu ya gauni la kulalia, na nywele hazijachanwa. Sijui alikuwa amesikiliza tangu lini. Nyumba zile kuta zake ni nyembamba. Akasimama mlangoni akiwa ameshika mbao za fremu. Hakuwatazama wengine.

"Siku ile ulisikia nini?" akaniuliza.

Katika wote walionijia hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Nikamwambia ukweli. "Sikusikia kitu. Nilihamisha nikitafuta, na sikusikia kitu. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka nikuambie mbele ya watu, na nilitamani niwe nimekosea."

"Kwa hiyo alikuwa ameshakwenda kabla hujanigusa."

"Ndiyo, dada."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayethibitishiwa bei anayoijua. "Nilijua," akasema. "Tangu Alhamisi hakucheza. Nilikuwa nakata vitunguu nikajiambia amelala. Ijumaa nikajiambia amechoka. Nikasema sitaki kwenda kule wanibonyeze wanipigie kelele, Jumapili utakuja wewe na kipembe chako, utamsikia. Nilikungoja wewe."

Mumewe aligeuka. "Mbona hukuniambia mimi?"

"Ungeita watu tuombe," akamjibu, bila ukali wowote. "Mimi nilitaka mtu wa kusikiliza."

Kondakta akakaa chini, si kwenye kochi, kwenye zulia, akafunika uso. Mwimbaji, kwa mazoea, akaanza pambio, maana mtu alikuwa amekuja nuruni na sisi tukija nuruni tuliimba. Hakuna aliyemwitikia. Akaliacha katikati ya mstari, na ilikuwa mara ya kwanza nasikia akiacha wimbo.

Ndipo nilipoelewa kwa nini hakuwa amekuja kwangu. Wiki zote zile watu walikuwa wakimletea mchawi mlangoni, bure, na angemchukua angeweza kulala usingizi. Kila aliyeniomba msamaha alikuwa akimpa yeye nafasi ya kutoka. Hakuichukua. Alikaa kule juu na Alhamisi yake na Ijumaa yake, na sasa alikuwa amezileta mbele ya watu kumi na kitu akiwa na sweta la mume, na bado alikuwa ananitazama mimi. Nilijua swali kabla hajalitoa.

"Kama ningekwenda Alhamisi?"

Wote wakanigeukia, na safari hii hawakuwa wakimtafuta mjukuu wa mganga. Walikuwa wakimtazama mkunga. Ukweli ni kwamba sikujua. Wakati mwingine ni kweli kwamba hakuna linalosaidia. Wakati mwingine mama anafika, anasikilizwa, anakimbizwa chumba cha upasuaji, na mtoto analia. Tulifundishwa kumwambia kila mama kwamba mtoto akiacha kucheza asingoje hata kidogo, na wasingetufundisha hivyo kama kungoja hakudhuru. Hayo yote yalinipitia kichwani nikiwa nimemtazama machoni, katika chumba ambamo uongo ulikuwa dhambi kubwa kuliko uchawi.

"Isingebadilisha kitu," nikamwambia. Nilitumia sauti ya wodini, ile ya kutosheleza, isiyoacha nafasi ya swali la pili. "Alikuwa ameshakwenda siku ile ile. Hata ungelala mlangoni mwa hospitali."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akaja akakaa karibu nami, akaegemea bega langu, akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha msiba, cha kwetu, ambacho jirani wa pande zote mbili walikisikia, na wanawake wakaanza mmoja baada ya mwingine kulia naye. Yule mama aliyeniachia goti alilia kuliko wote. Ndiyo matanga aliyopata mtoto yule. Yalichelewa, lakini yalifanyika.

Hakuna aliyeniomba msamaha baada ya hapo, na niliona afadhali. Niliendelea kwenda Sparkhill mpaka nilipohamia mji mwingine. Mwimbaji aliniletea mandazi mara nyingi bila neno, na kondakta, kila nilipopanda basi lake, alipita kiti changu bila kunikatia tiketi, akitazama mbele. Sijui kama huo ulikuwa msamaha. Nilisafiri tu.

Lakini jioni ile, watu walipokuwa wakivaa makoti, dada alikusanya vikombe akaenda jikoni, nami nikamfuata. Macho yake yalikuwa yamevimba na mikono ilikuwa imetulia. Aliosha, mimi nikapangusa. Sebuleni mtu alikuwa anamwombea baraka mwenzake kabla ya kutoka kwenye baridi.

Akafunga bomba. "Lile jibu ulilonipa," akasema bila kugeuka, "usije ukalileta nuruni hata siku moja."

"Jibu lipi?" nikamuuliza.

Akanipa kikombe kingine nikipanguse.